Pikipiki Inaposhindwa Kusimama: Ukaguzi wa Breki kwa Dereva, Mmiliki na Abiria

(Maandishi ya mada iliyoandaliwa kwa ajili ya wakazi, madereva wa bodaboda, mafundi na wamiliki wa pikipiki wa Kata ya Mabatini)



Alfajiri, kabla jua halijachomoza juu ya mawe ya vilima, dereva wa bodaboda hufika kijiweni na chombo chake. Hufuta tangi kwa kitambaa, huitikisa pikipiki ili asikie petroli iliyobaki, hubonyeza tairi kwa kidole gumba, huangalia kama simu ina chaji. Abiria wa kwanza akitokea, safari imeanza. Katika maandalizi hayo yote, ambayo huchukua dakika nne au tano, kitu kimoja hakikuguswa, nacho ni breki.

Si kwamba dereva huyo ni mzembe. Petroli ikiisha pikipiki huzimika. Tairi likitoboka mikono husikia. Taa ikiungua giza hutoa taarifa. Breki haina tabia hiyo. Breki hufa polepole, na kila siku dereva huizoea kama ilivyokuwa jana. Leo hukanyaga pedeli chini kidogo kuliko juzi, kesho chini kidogo kuliko leo, na mguu wake hujifunza umbali mpya bila yeye kujua. Baada ya miezi kadhaa pedeli hukaribia kugusa mwisho wake ndipo tairi lishike, naye akiulizwa na mama aliyepanda nyuma, "Kijana, breki inashika?", hujibu kwa moyo mweupe kabisa, "Inashika, mama." Na kweli inashika: kwake, akiwa peke yake, kwenye tambarare, barabara ikiwa kavu.

Mabatini haina tambarare nyingi. Nyumba zimepanda vilimani katikati ya mawe, na njia zinazozifikia ni za udongo, kokoto na makorongo yaliyochimbwa na mvua. Bodaboda iliyompandisha abiria hadi nyumbani kwake haina budi kuteremka tena. Chini ya mteremko kuna Barabara ya Nyerere, njia kuu iendayo Musoma, yenye malori, daladala na watu wanaovuka. Daraja la watembea kwa miguu lipo, lakini si kila mtu hupanda ngazi zake. Kwa hiyo breki iliyochoka hapa kwetu haipewi mtihani wake mahali pa wazi pasipo na watu. Huupata mwisho wa mteremko, palipo na msongamano.

Jambo hili si geni katika mji huu. Mwaka 2010 madaktari wa Hospitali ya Bugando walichapisha utafiti kuhusu majeruhi wa pikipiki katika Jiji la Mwanza, wakayaeleza majeraha hayo kuwa tatizo la afya ya jamii linaloibuka. Mwaka huohuo ndipo zilipotoka kanuni za leseni za usafirishaji wa abiria kwa pikipiki na bajaji. Tangu wakati huo bodaboda zimeongezeka, zimeajiri vijana wengi na zimefika mahali ambapo gari halifiki. Hakuna mkazi wa vilimani anayetaka ziondoke. Linalotakiwa ni kwamba zinapoitwa kusimama, zisimame.

Pa kuanzia ni breki ya mbele, kwa sababu hiyo ndiyo inayoonewa zaidi. Imeenea imani vijiweni kwamba breki ya mbele hupindua pikipiki, na kwamba dereva mzoefu hutumia mguu tu. Wapo wanaoulegeza waya wake makusudi ili isishike. Wapo wanaouacha ukatike, wakaendelea na kazi miezi mingi kana kwamba hakuna kilichopungua.

Mtu aliyewahi kupanda daladala anajua kinachotokea konda anapogonga bati na dereva akafunga breki ghafla: abiria wote huegemea mbele. Ndivyo ilivyo kwa pikipiki. Inapopunguza mwendo, uzito wa dereva, abiria na chombo chenyewe huhamia mbele. Tairi la mbele hukandamizwa barabarani na la nyuma hupungukiwa na uzito. Tairi lililokandamizwa ndilo lenye uwezo wa kushika. La nyuma, likiwa jepesi, hufunga upesi na kuanza kuteleza. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hufanya zaidi ya nusu ya kazi yote ya kusimamisha pikipiki.

Tofauti hiyo hupimika kwa mita. Pikipiki inayokwenda kilomita 40 kwa saa hukata takribani mita 11 kila sekunde. Ikichukuliwa kwamba dereva hutumia sekunde moja kuona hatari na kuanza kufunga breki, mita 11 zimekwisha kabla breki haijafanya lolote. Akitumia breki zote mbili zilizo nzima, kwenye lami kavu, atahitaji mita nyingine kama 10. Akitumia ya nyuma peke yake, atahitaji kama 17 au 18. Mita saba au nane za tofauti ni zaidi ya urefu wa daladala. Mwendo ukifika kilomita 60, tofauti hiyo huzidi mara mbili, na kwenye mteremko huongezeka tena, kwa kuwa mlima nao unasukuma.

Imani ya vijiweni, hata hivyo, haikutoka hewani. Breki ya mbele ikikamatwa kwa pupa, usukani ukiwa umepindwa, juu ya kokoto au tope, tairi la mbele hufunga na pikipiki hulala upande mara moja. Waliokwisha kuanguka hivyo hawasahau, nao huwafundisha wengine kuiogopa. Kasoro iko katika namna ya kuishika. Dereva aliyefundishwa vizuri hupunguza mwendo kabla ya kona, usukani ukiwa umenyooka. Huubana mkono wa breki taratibu kisha huongeza nguvu, kama anayekamua embe asilolitaka lipasuke, huku mguu ukikanyaga kwa wakati uleule. Kwenye udongo wenye kokoto huilegeza ya mbele na kutegemea zaidi ya nyuma pamoja na gia ndogo.

Gia ndogo, hasa, ndiyo breki ya tatu ambayo wengi huitupa. Ili kuokoa petroli, dereva huweka frii kileleni na kuiachia pikipiki iteremke yenyewe. Wengine huzima injini kabisa. Petroli inayookolewa hapo ni kidogo mno. Kinachopotea ni ile nguvu ya injini ya kuizuia pikipiki, na mzigo wote huhamia kwenye breki. Breki ya ngoma inayosuguliwa mfululizo toka juu hadi chini hupata moto mkali. Lainingi ikishapata moto kupita kiasi hupunguza kushika, na dereva hugundua kwamba anakanyaga zaidi na kupata kidogo, katika mita zile za mwisho kabla ya barabara kuu. Wakiwa wamepanda mshikaki, watu watatu au wanne, breki iliyoundwa kwa dereva na abiria mmoja huombwa kazi isiyoiweza.

Ukaguzi wenyewe hauhitaji gereji. Pikipiki nyingi za bodaboda hapa mjini hutumia breki za ngoma, na baadhi zina diski mbele. Kwa breki ya ngoma, dereva hushika mkono wa breki ya mbele na kuubana: unapaswa kucheza kidogo tu, sentimita moja au mbili, kisha ukaze. Ukigusa mpini wa usukani, breki hiyo haipo. Pedeli ya nyuma nayo hucheza sentimita mbili au tatu, isizidi. Waya hutazamwa mwanzo na mwisho wake, pale unapoingia kwenye mkono na pale unapofungwa gurudumuni, kwa sababu hapo ndipo nyuzi zake huanza kukatika moja moja. Kisha pikipiki husukumwa hatua chache kwa miguu, breki ya mbele ikajaribiwa peke yake, halafu ya nyuma peke yake. Kuzijaribu zote mbili kwa pamoja hakusaidii, maana nzima huificha mbovu.

Kuna alama moja ambayo madereva wengi huipita kila siku bila kuijua. Kwenye pikipiki nyingi zenye breki za ngoma, karibu na kile kichuma kinachovutwa na waya au fito ya breki, kuna mshale mdogo, na kwenye mfuniko wa ngoma kuna mstari. Breki ikibanwa, mshale husogea. Ukiufikia mstari, viatu vya breki vimekwisha na vinapaswa kubadilishwa, hata kama nati ya kurekebishia bado ina nafasi ya kukazwa.

Hapo panahitaji neno kwa mafundi, kwa heshima ya ufundi wao. Viatu vinapokaribia kwisha na nati ikafika mwisho, hutokea fundi akaking'oa kile kichuma, akakizungusha jino moja au mawili na kukirudisha, ili breki ionekane imekaza tena. Mteja hufurahi kwa kuwa amelipa kidogo. Lakini kwa kufanya hivyo mshale umeondolewa maana, na kile kijiti cha ndani kinachovitanua viatu sasa huzunguka kupita kipimo kilichokusudiwa. Kinaweza kupinduka na kukwama, gurudumu likafunga pikipiki ikiwa katika mwendo. Kazi hiyo ni heri ikataliwe. Vilevile vumbi linalotoka ndani ya ngoma lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lainingi za baadhi ya viatu, hasa za zamani au zisizojulikana zilikotoka, huweza kuwa na asbesto, na vumbi lake huharibu mapafu. Kitambaa kilicholowa maji kinatosha kulifuta.

Kwa breki ya diski, pedi hutazamwa unene. Lainingi ikibaki milimita 2 hivi ni wakati wa kununua mpya. Chuma kikianza kukwaruza diski, gharama itakuwa ya pedi na diski vyote viwili. Mafuta ya breki yaliyo kwenye kikopo cha usukani yawe juu ya alama ya chini. Mkono ukiwa laini kama sponji, kuna hewa ndani na fundi anapaswa kuitoa. Mafuta hayo hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo huchoka hata pikipiki isipotembea sana, na kwa kawaida hubadilishwa kila baada ya miaka miwili. Kikopo kimeandikwa aina inayotakiwa, DOT 3 au DOT 4. Kujazia oili ya injini, kwa hoja kwamba yote ni mafuta, huvimbisha mipira ya ndani na kuua breki nzima.

Wakati wa mvua, Mto Mirongo unapofurika na maji kutanda barabarani, maji huingia ndani ya ngoma. Breki iliyolowa huteleza. Dereva aliyevuka dimbwi refu hukanyaga breki kidogo kidogo kwa mita kadhaa, mwendo ukiwa mdogo, mpaka aisikie imekauka na kushika. Hilo lafaa lifanyike kabla hajaukuta mteremko wa kwanza.

Sasa kuhusu breki za ABS, ambazo zimeanza kuulizwa hata hapa mtaani, kwa kuwa pikipiki kubwa za watu binafsi na baadhi ya modeli mpya za kutoka India zinazo. Kazi ya ABS ni kuzuia tairi lisifunge. Gurudumuni huwekwa pete yenye meno au matundu, na karibu nayo kifaa kidogo cha kuhisi, kiitwacho sensa, ambacho huhesabu meno hayo yanavyopita. Tairi likitaka kufunga, kompyuta ndogo hulegeza mafuta ya breki kwa kitambo kidogo sana na kuyarudisha, mara nyingi ndani ya sekunde moja. Mkono wa dereva husikia mtetemo, tairi huendelea kuzunguka, na usukani hubaki ukitii. Kampuni ya BMW ndiyo iliyoanza kuuza pikipiki zenye mfumo huu wa kielektroniki, mwaka 1988. Nchini India, zinakotoka Boxer na TVS, sheria iliutaka mfumo huu kwa pikipiki mpya zinazozidi cc 125 kuanzia Aprili 2018 kwa modeli mpya, na Aprili 2019 kwa zote. Zile ndogo zikatakiwa kuwa angalau na breki zilizounganishwa, ambapo pedeli ya nyuma huivuta na ya mbele. Amri hiyo ni ya soko la kwao. Pikipiki zinazouzwa huku si lazima ziwe nazo, na mnunuzi anapaswa kuuliza na kutazama mwenyewe. Breki ya mbele inayovutwa kwa waya na ngoma haina ABS, kwa kuwa mfumo huu hufanya kazi kwa mafuta na diski.

Mwenye pikipiki ya ABS ana taa moja ya kuijua. Akiwasha swichi, taa yenye herufi hizo huwaka. Akianza kutembea, huzimika ndani ya mita chache. Ikiendelea kuwaka, mfumo umejizima wenyewe kwa sababu umeona kasoro. Kwa kawaida breki bado zitashika, lakini kama breki za pikipiki nyingine, na tairi laweza kufunga. Hatari ni kwamba dereva aliyezoea kubana kwa nguvu zote akiutegemea mfumo, siku hiyo hatausikia mtetemo, atasikia tairi likiteleza.

Mara nyingi chanzo si kikubwa. Tope limejaa kati ya sensa na pete. Waya wa sensa umesuguliwa hadi ukakatika. Gurudumu lilifunguliwa kuzibwa pancha, likarudishwa sensa ikiwa imesogea au pete imegongwa kwa nyundo. Betri imechoka na umeme hautoshi. Fyuzi imeungua. Tairi la kipimo kingine limefungwa na hesabu za magurudumu mawili hazilingani tena. Hivyo kabla ya kuambiwa anunue kompyuta mpya, mwenye chombo aombe kwanza pete isafishwe, waya ufuatwe na betri ipimwe. Kuifunika taa kwa utepe mweusi au kuing'oa balbu yake hakurekebishi chochote. Anayenunua pikipiki iliyotumika awashe swichi akaitazame taa hiyo: isipowaka kabisa, huenda mtu amekwisha kuificha. Na iwe wazi kwamba ABS haiongezi unene wa pedi. Pedi zikiisha, pikipiki yenye ABS na isiyo nayo hulingana.

Baada ya yote hayo hubaki swali ambalo ndilo kiini cha tatizo hapa Mabatini: nani analipa? Vijana wengi huendesha pikipiki za watu. Kila jioni hupeleka hesabu kwa bosi, au wako katika mkataba ambao mwishowe pikipiki itakuwa yao. Katika mapatano hayo petroli ni ya dereva, hilo halina ubishi. Injini ikifa, bosi huingia mfukoni, kwa kuwa bila injini hakuna hesabu. Breki iko katikati, haina mwenyewe. Pikipiki yenye breki mbovu bado huleta hesabu kamili, siku hiyo na siku inayofuata. Bosi haoni kilichoharibika. Dereva anaona, lakini akisema huambiwa atengeneze mwenyewe, na akitengeneza mwenyewe hesabu ya siku hiyo haipungui. Kwa hiyo hukaza nati kidogo na kuondoka. Hakuna mmoja kati yao aliyeamua kwamba abiria aumie, lakini mapatano yao yameamua.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 hairuhusu chombo kibovu kuwa barabarani, na dereva ndiye anayekutwa nacho. Lakini trafiki hawezi kusimama kila kijiwe kila asubuhi. Njia iliyo karibu zaidi ni kuuandika wajibu huo ndani ya mkataba wenyewe: viatu au pedi, nyaya na mafuta ya breki ni gharama ya mmiliki, kukagua kila asubuhi na kutoa taarifa siku ileile ni kazi ya dereva, na siku ya matengenezo ya breki hesabu haidaiwi, au hudaiwa nusu. Jozi ya viatu vya breki ni miongoni mwa vipuri vya bei nafuu kabisa katika pikipiki nzima. Kwa mkataba ambao kijana anaelekea kuimiliki pikipiki, wawili hao wanaweza kugawana; jambo la msingi ni kwamba imetamkwa. Vikundi vya vijana, wanawake na watu wenye ulemavu vinavyoomba mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri ili kununua pikipiki, navyo vinashauriwa kuonyesha fungu la matengenezo katika mchanganuo wa biashara tangu mwanzo.

Abiria naye ana nafasi yake, na si ya kugombana. Anaweza kumwomba dereva, kabla ya kuondoka, abane breki ya mbele huku pikipiki ikisukumwa kidogo. Dereva mwenye breki nzima hatakasirika. Anaweza pia kusema kwa upole, "Kaka, teremka na gia," akakaa akisubiri aone kama injini imebaki ikinguruma.

Vijiwe vinaweza kuanza na daftari moja la kawaida, likakaa kwa katibu wa kijiwe. Kila pikipiki hupewa ukurasa wake wenye safu nne: tarehe, breki ya mbele, breki ya nyuma, na kilichotengenezwa pamoja na jina la aliyelipa. Katibu huzungusha daftari asubuhi, kabla ya abiria wa kwanza, na mmiliki anapokuja kuulizia chombo chake huonyeshwa ukurasa huo.